Wanachama wa klabu ya gofu wamekuja juu baada ya grini kutobolewa. Nishushe kisu?

Msimamizi_Kla: Wakuu, salaam. Grini zetu (zile nyasi fupi zinazozunguka shimo) ni za nyasi aina ya bermuda, kila moja kama mita 450 za mraba, hapa pembeni mwa Kampala. Wiki iliyopita tulizitoboa kwa meno ya milimita 12 yanayong'oa udongo, kina sentimita 8, nafasi sentimita 5, tukamwaga mchanga. Sasa WhatsApp ya klabu inawaka: mpira unarukaruka, grini nzito, yaani mpira unaviringika polepole. Kamati inataka tushushe ukataji kutoka milimita 5 hadi 3 kabla ya mashindano ya mwisho wa mwezi. Mnashauri nini?

FundiNyasi: Usishushe. Nyasi zilizotoka kutobolewa zinahitaji majani ili zifunge matundu. Ukikata milimita 3 ghafla utafika kwenye vijiti vya kahawia, na mvua hizi zitaleta utando wa kijani wa mwani juu ya udongo ulio wazi. Hapo utalalamikiwa miezi, si wiki.

Kwanza piga hesabu ya mchanga. Meno ya milimita 12 kwa nafasi ya sentimita 5 yanafungua karibu asilimia 4.5 ya grini. Kwa kina cha sentimita 8 ni lita 3.6 kwa kila mita ya mraba, yaani lita 1,600 na kidogo kwa grini yako. Toroli la lita 60 ni safari 27, na hapo hujaweka hata chembe ya juu. Mlimwaga ngapi?

Msimamizi_Kla: 18 kila grini. Ulikuwa na unyevu kidogo.

FundiNyasi: Basi ndiyo hiyo. Mchanga wenye unyevu unaziba mdomo wa tundu, chini kunabaki hewa, ukikanyagwa unadidimia. Mpira lazima uruke. Anika mchanga juu ya turubai, ongeza toroli tisa, sugua kwa ufagio mgumu au kipande cha zulia wakati majani ni makavu, halafu pitisha rola nyepesi. Usikate kwa mashine ya grini kabla mchanga haujazama, vinginevyo utanoa visu kila jioni. Baada ya kunoa, jaribu kwa karatasi: isipokatwa safi kutoka mwanzo hadi mwisho wa kisu, mashine inachana nyasi.

Lugogo_Green: Naongeza jambo la mchanga wenyewe. Wa kupigia plasta mara nyingi una udongo. Jaza chupa nusu mchanga, ongeza maji, tikisa, iache hadi kesho. Ukiona tabaka la tope juu, usiupeleke kwenye grini. Utaziba njia ya maji uliyotoka kuifungua kwa jasho. Chembe nyingi ziwe kati ya milimita 0.25 na 1.

Mbolea: urea kilo 2 kwa grini nzima inatosha kwa mara moja. Itawanye majani yakiwa makavu, kisha mwagilia hapo hapo. Ikilala juu ya majani yenye umande inaunguza, na utapata malalamiko mengine kabisa.

Kitabu_cha_Malalamiko: Wanachama nao wana haki yao, ila "grini mbaya" si taarifa. Nzito na ya kurukaruka ni magonjwa mawili. Weka daftari kwa starter, yule anayeruhusu wachezaji kuanza: namba ya shimo, tarehe, saa, tatizo. Waulize na kedi, wabeba mifuko ya wachezaji, wao wanapita kila grini.

Uzito upime kwa stimpmita, reli fupi ya kuviringishia mpira ili upime unafika umbali gani. Tafuta sehemu tambarare, mipira mitatu kwenda, mitatu kurudi, chukua wastani. Kwenda na kurudi vikitofautiana zaidi ya sentimita 45, hapo ni mteremko, tafuta pengine. Bandika namba ubaoni kila Ijumaa pamoja na urefu wa ukataji. Mtu akiona ilikuwa futi 7 na sasa ni 8, kelele hupungua.

Jibu la kundi liwe fupi: "Tulitoboa ili maji na hewa vipite. Matundu hayakujaa vizuri, tunayajaza Jumanne na Jumatano. Mashimo mawili yatakuwa na grini ya muda siku hizo." Usianze kujibizana na mmoja mmoja usiku.

Msimamizi_Kla: Asanteni. Na kamati nayo?

Kitabu_cha_Malalamiko: Wape mbadala wa kisu: rola mara tatu kwa wiki na kukata mara mbili asubuhi ya mashindano, kwa milimita 4.5. Kutoboa kwa mwaka ujao kuwekeni kwenye kalenda sasa, mwanzoni mwa mvua za Machi, mbali na mashindano.

FundiNyasi: Kama kuna grini chini ya miti, usiishushe hata hapo, iache milimita 5. Bermuda bila jua haifungi tundu. Punguza matawi ya upande wa mashariki kwanza.