Triathloni fupi ya kwanza: wiki nane zimebaki, baiskeli ni ya milima na bahari siijui

Mgeni_Ufukweni
Wakuu, habari. Nimejiandikisha triathloni fupi ya ufukweni: kuogelea mita 750, baiskeli kilomita 20, kukimbia kilomita 5. Kukimbia hakunisumbui. Bwawani naenda mita 400 bila kusimama, ila baharini sijawahi kupita maji ya kifuani. Baiskeli ni ya milima, tairi za vipara hapana, zina meno. Nianze na lipi, na kipi nisipoteze hela kukinunua?

Maji_Kujaa
Karibu sana, mkuu. Anza na bahari. Baiskeli nzito itakuchelewesha dakika chache tu, ila hofu ya maji inaweza kukutoa kabla hujafika boya la kwanza.

Mita 750 ni bwawa la mita 25 mara 30. Wiki hii ogelea mita 150 mara nne, ukipumzika sekunde 20 kati. Ijayo mara tano, kisha 250 mara tatu, na kufikia wiki ya tano uwe unazimaliza zote mfululizo. Kuanzia wiki ya tatu, siku moja kati ya tatu za kuogelea iwe baharini.

Kinachowaangusha wengi pale mwanzoni ni pumzi. Unasukumwa, unapigwa mkono wa uso, unabana hewa kifuani, na ile hewa chafu isiyotoka ndiyo inayokupa hisia ya kukabwa hata kama hujachoka. Kwa hiyo toa hewa muda wote uso ukiwa majini, ili ukigeuka kazi iwe kuvuta tu. Siku yenyewe simama pembeni au nyuma, waache wenye haraka watangulie sekunde kumi, na mita 100 za kwanza nenda taratibu kuliko mwili unavyodai. Ukizidiwa lala chali au piga mtindo wa chura, mitindo yote inaruhusiwa. Kushika boya au mtumbwi wa waokoaji si kosa mradi usivutwe kwenda mbele. Ukitaka msaada, inua mkono.

Njia iangalie kila baada ya mikono minane hivi: toa macho tu juu ya maji kama mamba, kisha geuka uvute hewa. Ukiinua kichwa kizima miguu inazama. Boya hufichwa na mawimbi, hivyo tafuta kitu kirefu nchi kavu kilicho usawa mmoja nalo, mnara wa simu au mnazi.

Na soma jedwali la maji, yaani la saa za kujaa na kupwa. Siku za bamvua, mwezi ukiwa mpevu au mchanga, maji ya pwani yetu hupanda na kushuka mita tatu na zaidi, na yakitoka mkondo ni mkali, hasa karibu na milango ya miamba. Ingia asubuhi, maji yakikaribia kujaa, upepo haujakaza. Usiingie peke yako hata siku moja. Suti ya mpira usinunue: kwa umbali huu kanuni za kimataifa huikataza maji yakizidi nyuzi 22, na ya kwetu ni ya moto kuliko hapo mwaka mzima.

Spana_ya_L
Baiskeli hiyo inatosha. Hela kidogo uliyonayo weka kwenye tairi laini za inchi 1.5, maana yale meno yanapinda kila yanapogusa lami na hapo ndipo nguvu zako zinapoishia. Jaza upepo karibu na kiwango cha juu kilichoandikwa ubavuni mwa tairi. Kama shokomzoba ya mbele ina kifungio, ifunge.

Pandisha kiti: kisigino kikiwa juu ya pedeli iliyo chini kabisa, mguu unyooke. Ukihamisha unyayo wa mbele kwenye pedeli, goti litabaki limepinda kidogo, na hiyo ndiyo sawa. Kiti cha chini huua magoti. Ziba matundu ya ncha za usukani, kwani wakaguzi wanaweza kukuzuia kwa hilo tu.

Tumia gia nyepesi, mizunguko ya pedeli 80 hadi 90 kwa dakika. Ukisukuma gia nzito mapaja yatagoma kwenye mbio. Uliza pia kama kufuatana nyuma ya mwenzako kunaruhusiwa. Kama hakuruhusiwi, kawaida unaacha mita 10 na ukiingia humo una sekunde 20 za kumpita.

Rafu_Namba_Moja
Naongezea sehemu ya kubadilishia, pale unapotoka majini kuchukua baiskeli na baadaye kuiacha ukakimbie, maana adhabu nyingi za wageni hutokea pale.

Kofia ngumu iweke juu ya usukani, imegeuzwa, kamba wazi. Ivae na UIFUNGE kabla hujagusa baiskeli, na usiifungue hadi baiskeli irudi kwenye chuma cha kuitundikia. Ndani ya eneo unasukuma tu: unapanda baada ya mstari na kushuka kabla ya mstari. Spika za masikioni haziruhusiwi. Namba ifunge kwenye mkanda wa lastiki, mgongoni ukiwa kwenye baiskeli, mbele ukikimbia. Acha gia ikiwa nyepesi. Kumbuka nafasi yako kwa nguzo au mti, usiikumbuke kwa baiskeli ya jirani, kwani itakuwa imeondoka.

Kila wiki fanya mara moja baiskeli kilomita 15 kisha papo hapo kimbia 2. Miguu itakuwa mizito kilomita ya kwanza kwa sababu bado inafuata mzunguko wa pedeli. Fupisha hatua, itaachia yenyewe. Wiki ya mwisho punguza mazoezi nusu.

Mgeni_Ufukweni
Asanteni mno. Soksi je? Na chakula?

Rafu_Namba_Moja
Soksi vaa kama kilomita 5 bila soksi zinakutoa malengelenge. Futa mchanga kwanza, weka chupa ndogo ya maji kwa ajili hiyo. Kamba za viatu badilisha ziwe za lastiki.

Maji_Kujaa
Muda wa saa tatu kabla ya kuanza: uji au mkate na ndizi. Maharage na chapati za mafuta ziache. Kwenye baiskeli nusu lita ya maji yenye chumvi kidogo na sukari, unywe kidogokidogo hadi kilomita ya 17. Baada ya hapo acha, tumbo lisichezecheze unapoanza kukimbia.