Naomba ushauri: Mkutano wa Berlin na somo la uraia

Habari zenu walimu wenzangu. Nafundisha historia na uraia kwa wanafunzi wanaoanza sekondari, na nimekwama kwenye Mkutano wa Berlin wa 1884 hadi 1885, ule ambao mataifa ya nje yaliwekeana kanuni za kugawana Afrika.

Tarehe wanazikariri vizuri tu. Ili wasiishie hapo, niliwagawia nafasi za mataifa 14 yaliyohudhuria, nikabandika ramani ya Afrika ubaoni, wakajadiliana. Darasa lilichangamka kweli, ila likageuka mashindano: "Ureno" na "Ufaransa" waligombania mdomo wa Mto Kongo kama mpira, na hakuna hata mmoja aliyeuliza mbona mezani hapakuwa na Mwafrika. Tena wakatoka wakiamini mipaka yote ilichorwa palepale, wakati mingi ilikuja baadaye kwa mikataba ya mataifa yenyewe kwa yenyewe.

Darasa jingine nikaweka kundi la wasioalikwa, wakae pembeni watazame. Wakachoka, wakaanza kupiga soga (pengine hilo lingekuwa somo tosha, lakini hawakuliona).

Nataka wafike kwenye uraia: kifungu cha 21 cha Tamko la Haki za Binadamu la 1948 kinasema matakwa ya wananchi ndiyo msingi wa mamlaka ya serikali.

Sasa wenzangu, wasioalikwa niwape kazi gani ili wasibaki watazamaji? Na kifungu hicho kitangulie kabla ya Berlin, au kije mwishoni? Kipindi ni dakika 40 tu.

Natanguliza shukrani.