Tupeane uzoefu: kutu kwenye mageti, boti na mabati hapa Kigoma

Mwenye uzi: Wakuu, mvua zinakaribia. "Paka rangi nzuri" tumeshaisikia. Semeni chuma kinaandaliwaje, kinapakwa nini, na kutu ikianza kukila huanzia wapi.

Fundi mageti, Mwanga: Kwanza ondoa ganda la kuchomelea kwa nyundo ndogo, piga brashi ya waya, malizia na msasa namba 80. Futa kwa kitambaa chenye thina, halafu haraka kwa kingine kikavu. Ukitumia kimoja mwanzo mwisho, mafuta unayasambaza tu. Redoksaidi, ile rangi ya kwanza ya kuzuia kutu, iingie siku hiyohiyo. Chuma kilichosafishwa kikilala nje, umande wa usiku mmoja unatosha kukirudisha nyuma.

Kabla ya kupaka geti zima, pitisha brashi kwenye maungio na kingo peke yake. Rangi mbichi hujivuta kutoka kwenye ukingo mkali, inabaki nyembamba, na kutu huanzia hapohapo. Mikono miwili ya redoksaidi, miwili ya rangi ya juu. Thina isizidi sehemu moja kwa kumi. Anayeijaza ili kopo lifike mbali anauza mng'ao wa miezi mitatu.

Halafu mabomba ya mraba: ziba ncha zote kabisa, au toboa tundu la milimita 6 upande wa chini. Maji yakikaa ndani, bomba linaliwa kutoka ndani huku nje rangi bado mpya.

Boti za chuma, Kibirizi: Watu wanafunga anodi za zinki, yaani vipande vinavyoliwa badala ya chuma cha boti, kwa kuwa ndizo zinazouzwa kwa boti za baharini. Maji ya Tanganyika si ya chumvi. Kwenye maji yasiyo na chumvi zinki hujivika utando na kulala, chuma kinaendelea kuliwa. Tumia magnesiamu. Iguse chuma chenyewe, kwa bolti au kwa kuchomelea kishikizo chake, na isipakwe rangi hata kidogo. Ukiipaka umeifunga mdomo. Ikibaki nusu, badilisha.

Injini ya kuwekwa muda mrefu: grisi, tena nyingi. Wajerumani walipoizamisha meli yao Graf von Götzen Julai 1916 walizipaka mashine grisi kwanza. Ikainuliwa 1924, mashine zikakutwa bado zinafaa, na 1927 ikarudi ziwani kwa jina la Liemba.

Mwenye uzi: Na gari linalobeba chumvi ya Uvinza?

Boti za chuma, Kibirizi: Maji mengi chini ya bodi kila baada ya safari, hasa ndani ya chesesi na juu ya matanki. Ukipaka rangi juu ya chumvi, hata ile usiyoiona, inavuta unyevu kupitia rangi na kutoa malengelenge. Osha, kausha, ndipo upige msasa, kisha osha tena.

Muuza mabati, Ujiji: Mabati yakilazwa yamebanana na maji katikati, siku chache tu yanatoa unga mweupe. Hiyo ni zinki, ule mpako unaolinda bati, inayokwisha kabla bati halijapanda juu. Yasimamishe yakiegemea, juu ya mbao, na turubai lisibane pande zote, hewa ipite.

Kata kwa mkasi wa bati. Grainda inaunguza zinki pembeni, na cheche zake zinaganda juu ya bati. Baada ya mvua moja utaona vidoa vyekundu kama pilipili. Chembe zote za chuma zifagiliwe jioni hiyohiyo. Majivu na saruji mbichi navyo vinakula zinki, kwa hiyo fundi akimwaga udongo wa saruji juu ya bati, osha kabla haujakauka.

Mgeni, Katubuka: Dawa ya kutu ya kupaka, ile inayogeuza nyeusi, inafanya kazi?

Fundi mageti, Mwanga: Kwenye kutu nyembamba iliyoshika, ndiyo. Kwenye magamba hapana: inageuza la juu tu, chini yake kazi inaendelea. Bandua kwanza kwa patasi mpaka usikie chuma kinalia.