Sampu ya maji chumvi: Durso, Herbie au BeanAnimal?

KinaKifupi
Habari wakuu. Naandaa tangi la maji chumvi, sentimita 120 × 50 × 50, na sampu (tangi dogo la chini linalopokea maji, kisha pampu inayarudisha juu) ya 75 × 40 × 40 itakayokaa kwenye kabati chini yake. Kioo bado hakijatobolewa, ndiyo maana nauliza mapema. Nimebaki na njia nne za kushushia maji: Durso yenye bomba moja, Herbie yenye mawili, BeanAnimal yenye matatu, au kisanduku cha kuning'iniza nyuma ya tangi bila kutoboa chochote. Tangi litakaa sebuleni, kwa hiyo kelele naiogopa. Maji sakafuni nayaogopa zaidi. Mngechagua ipi?

Fundi_PVC
Mkuu, kama kioo kinatoboleka, hicho cha kuning'iniza kiache. Kinavusha maji juu ya ukingo kwa bomba lililopinda, na bomba hilo linafanya kazi mradi lisiwe na hewa. Mkondo ukiwa dhaifu, viputo vinajikusanya pale juu kidogo kidogo mpaka sifoni, yaani ule mvuto wa maji kwenye bomba lililojaa, inakatika, na pampu ya chini haina habari, inaendelea kupandisha maji. Kinamfaa mwenye kioo kilichoimarishwa kwa joto, kwa sababu hicho ukikigusa na drili kinasambaratika chote. Muulize aliyetengeneza tangi lako ni pande zipi zimeimarishwa. Usikisie.

Durso haina mambo mengi. Maji na hewa vinashuka pamoja, ndipo inapotoka ile sauti ya kugugumia. Bomba la inchi 1½ likipitisha mkondo wa wastani linatulia, la inchi 1 linaanza kelele mapema. Lakini kelele si hoja yangu kubwa. Bomba ni moja. Konokono akijipenyeza humo, maji hayana pa kupita.

DadaMatumbawe
Mimi nasimama na Herbie. Bomba la kwanza linajaa maji matupu bila hewa, na unalikaba kwa geti valvu (valvu inayofungwa polepole kwa kuzungusha mara nyingi) mpaka kiasi kinachoshuka kilingane na kinachopanda. Maji yasiyo na hewa hayapigi kelele na hayaleti viputo kwenye sampu, hivyo hata skima, kifaa cha kutoa uchafu kwa povu, inafanya kazi kwa utulivu. Bomba la pili linasimama juu zaidi kidogo, kavu, likisubiri dharura.

Mambo mawili usiyapuuze. Weka geti valvu, usiweke valvu ya mpini wa robo mzunguko: ile ukiigusa kidogo tu mkondo unabadilika sana, hutapata kipimo. Na mdomo wa bomba la sifoni uzame kwenye maji ya sampu sentimita 2 au 3 tu. Ukiuzamisha sana, umeme ukirudi baada ya kukatika, hewa iliyobaki ndani ya bomba inashindwa kutoka na sifoni haianzi upya.

Bahari_Ndogo
Nakubaliana na dada kuhusu ukimya, ila nauliza: sifoni ikizibwa nusu na jani la mwani usiku, Herbie inafanya nini? Maji yanapanda mpaka bomba la dharura, linaanza kubeba. Vizuri. Sasa hilo ndilo limebaki peke yake, na humo hakuna tena akiba.

BeanAnimal ina daraja moja zaidi. Bomba la kwanza ni sifoni kamili. La pili liko wazi kwa hewa na linapitisha kamkondo kembamba kanakoteleza kwenye ukuta wa bomba kimyakimya. Hako ndiko kanakomeza tofauti ndogondogo, kwa hiyo hushindi ukigusagusa valvu. Juu ya hilo la pili kuna kamrija ka hewa ambako mdomo wake uko juu kidogo tu ya usawa wa kawaida wa maji. Maji yakipanda yanaziba mdomo huo, hewa inakosekana, na bomba la pili nalo linageuka sifoni. Yote hayo yanatokea kabla bomba la tatu, la dharura, halijalowa. Hakuna umeme, hakuna kifaa kinachosogea. Mimi nikitazama mpango huo nauheshimu sana.

Fundi_PVC
Hapo sina ubishi. Ila matundu matatu yanataka nafasi: kati ya tundu na tundu, na kati ya tundu na ukingo wa kioo, acha umbali usiopungua kipenyo cha tundu lenyewe. Tumia kikombe cha drili chenye almasi, maji yakimwagika hapo muda wote, usikandamize. Washa ya mpira ya tenki konekta (kiungio kinachoshika bomba kwenye tundu la kioo) ikae upande wenye ubapa wa konekta, kavu, bila silikoni. Kaza kwa mkono, kisha ongeza robo mzunguko.

KinaKifupi
Nashukuru sana. Na umeme ukikatika? Nimeambiwa niweke valvu ya kuzuia maji kurudi kwenye bomba la pampu, basi mambo yameisha.

DadaMatumbawe
Hapana, kaka. Maji chumvi yanajenga magamba ya chokaa, na chembe moja ya mchanga inatosha kuifanya valvu hiyo isifunge sawasawa. Iweke ukipenda, lakini panga kana kwamba haipo.

Tupige hesabu za tangi lako. Sentimita 1 ya maji juu ni 120 × 50, yaani lita 6. Sampu ikifanya kazi na maji ya kimo cha sentimita 22, na usitake yapite 38, una sentimita 16 za akiba. Ukiacha unene wa kioo, hizo ni lita 48. Sasa mdomo wa bomba la kurudishia ukiwa umezama sentimita 10, pampu ikizimika lita 60 zinarudi chini. Sampu imefurika. Upandishe mdomo ubaki sentimita 2 chini ya uso wa maji: unapata lita 12, pamoja na kilichomo kwenye mabomba na kwenye kisanduku cha kupokelea maji kule juu. Kitundu cha kuvunja sifoni kwenye bomba hilo, cha kuingiza hewa maji yakishuka, kinasaidia, ila mwani unakiziba, kisafishe.

Bahari_Ndogo
Na fanya hesabu ya upande wa pili, ambayo wengi wanairuka. Mabomba yote yakiziba, pampu inapandisha maji ya chumba chake tu, kwa sababu vioo vya kugawa sampu vinazuia mengine. Chumba cha sentimita 25 × 40 chenye maji ya 22 kina lita 22. Juu zinapandisha maji chini ya sentimita 4. Ukiacha sentimita 5 mpaka ukingoni, sakafu inabaki kavu.

Isipokuwa una kifaa cha kujazia maji yaliyovukiza. Kinaona chumba cha pampu kimeshuka, kinadhani ni uvukizi, kinamwaga maji yasiyo na chumvi. Ndoo ya lita 20 ni sentimita 3 nyingine juu, na hapo umeshapita ukingo. Chumvi nayo inashuka kutoka 35 hadi karibu 33 kwa elfu. Ndoo ndogo ni usalama zaidi kuliko kubwa, hata kama utaijaza kila siku.

KinaKifupi
Hilo la ndoo sikuwa nimeliwaza kabisa. Naenda na BeanAnimal, matundu matatu kwenye kioo cha nyuma. Mabomba ya sifoni na ya wazi, yote inchi 1 au nipande?

Fundi_PVC
Inchi 1 kwa sifoni inakutosha, bado utaikaba. Mimi napenda yote matatu yawe sawa, ili lolote liweze kubeba mzigo wa jingine. Weka yunioni chini ya kila konekta upate kufungua bila kukata. Tumia elbo za nyuzi 45 pale unapoweza. Usiruhusu shaba wala koki ya brasi kugusa maji hayo, shaba inaua kamba na konokono. Gundi ikae saa 24.

Kisha jaza maji ya bomba kwanza, bila chumvi. Zima pampu, washa, zima tena. Ziba sifoni kwa kiganja uone bomba la pili likichukua kazi, halafu ziba na la pili. Weka alama ya kalamu kwenye sampu pale maji yalipoishia kupanda pampu ikiwa imezimwa. Wiki za mwanzo utando utajijenga ndani ya mabomba na mkondo utabadilika kidogo, kwa hiyo geti valvu ikae mahali ambapo mkono wako unafika bila kutoa kitu chochote kabatini.