Naomba ushauri: maisha ya Norman Mailer niyapangeje?

Habari zenu wakuu. Naandaa makala fupi kuhusu Norman Mailer, mwandishi wa Marekani, nimekwama kwenye mpangilio. Nilifuata miaka: riwaya ya vita ya 1948, kumchoma kisu mkewe Adele Morales Novemba 1960 (alinusurika, Mailer akapewa kifungo cha nje), kugombea umeya wa New York 1969, kisha kumpigia debe mfungwa Jack Abbott, aliyeachiwa 1981 na wiki chache baadaye akamuua mhudumu wa mgahawa. Hapo Adele anabaki tukio la kupita tu, jambo linaloniuma. Nikianza na kisu, tuzo mbili za uandishi za Pulitzer alizopata Mailer zinasomeka kama utetezi.

Je, Adele apewe sehemu yake kamili, kwa maelezo ya kitabu chake cha 1997? Na Abbott amfuate papo hapo, au abaki kwenye mwaka wake?