Kulinda gari chini: lami nyeusi, nta au oili chafu?

Mkazi wa Raskazone
Wakuu habari za jioni. Nataka gari ioshwe chini vizuri na kukingwa na kutu kabla masika hayajaanza. Nimezunguka gereji tatu, kila moja ina lake. Ya kwanza wanapiga lami nyeusi ya kopo, 250,000. Ya pili wanapuliza nta, hadi ndani ya matundu ya bodi, 380,000. Ya tatu fundi kaniambia nisiunguze hela, oili chafu na dizeli kidogo, 40,000 tu. Jumamosi natakiwa nipeleke. Nichukue ipi?

Spana 14
Mkuu, gari gani? Ya mwaka gani? Ilitokea mkoa gani Japani? Chini kuna kutu tayari au bado ni safi? Bila hayo kila mtu atakujibia gari yake, siyo yako.

Mama Noah
Piga lami kaka. Mimi nilipiga 2019, mpaka leo chini ni nyeusi tii, mawe yakirukia hata kelele husikii. Hela ya nta ni ya matajiri.

Spana 14
Dada yangu, weusi siyo ushahidi. Lami inapendezesha kila kitu, kizima na kibovu. Umewahi kugonga kwa bisibisi ukasikia mlio wa bati zima?

Mama Noah
Kwa nini nigonge gari isiyo na tatizo?

Bububu Kwetu
Naomba nieleze yaliyonipata, maana nilisema hivyo hivyo.

Nilikuwa na Noah hapa Unguja, nyumba ni mwendo wa dakika tano kutoka baharini. Niliipeleka kupigwa lami. Walipiga maji saa nne asubuhi, saa sita wakaanza kupaka. Saa mbili tu! Bati la chini lina mikunjo, maji yamekaa mle ndani, na wao wanapaka juu yake. Kutu ndogo ndogo zilizokuwepo hawakuzigusa hata kwa brashi ya waya. Mimi nimekaa kwenye kiti nakunywa chai, naona kazi inakwenda haraka, nafurahi.

Ikapita miezi kumi na minne. Siku hiyo pancha, nikaweka jeki pale pale pa kila siku, chini ya mlango wa dereva. Napandisha, gari haipandi. Nasikia kitu kama mtu anakanyaga majani makavu. Kuinama, jeki imeingia ndani ya kizingiti, lile bati la bodi linalopita chini ya milango! Nikashika lile ganda la lami kwa vidole, likabanduka zima kama ngozi ya mua, na nyuma yake bati halipo. Kuna unga wa rangi ya udongo, mwingine umeshikana tabaka kwa tabaka, na maji yakanichuruzikia mkononi. Nililamba kidole. Chumvi.

Fundi aliyekuja kuchomelea ndiye aliyenionyesha chanzo. Kizingiti kina vitundu chini vya kutolea maji. Vyote vilikuwa vimezibwa na lami. Kila mvua na kila nikiosha, maji yanaingia kwa juu kwenye milango, hayana pa kutokea. Nilibadilisha vizingiti vyote viwili na kipande cha sakafu, na gari nikaiuza kwa bei ya kuondoa nuksi.

Lami siyo mbaya. Lami juu ya kutu na maji ndiyo mbaya.

Mkazi wa Raskazone
Pole sana mkuu. Nimekosea kutoeleza. Ni RAV4 ya 2006, niliiagiza 2021. Nakaa Raskazone, Tanga, kila wiki naenda shambani Muheza. Kutu ipo kidogo kwenye mikono ya saspensheni ya nyuma na maungio ya ekzosti. Sehemu nyingine chini ni nyeusi safi tangu ilipofika.

Spana 14
Hapo kwenye "nyeusi safi" ndipo simama. Japani gari ikipelekwa kwenye ukaguzi wao wa shaken ni kawaida kupakwa rangi nyeusi ya chesisi, na rangi hiyo inafunika mengi. Karatasi ya mnada unayo, ile ya hali ya gari ilipouzwa mnadani Japani? Tafuta herufi S na C. S ni kutu, C ni bati lililoliwa. Kama ilitokea Hokkaido au Niigata, imekulia kwenye barabara za theluji zinazomwagiwa chumvi.

Mkazi wa Raskazone
Karatasi sikupewa. Aliyeniagizia alisema gari ni nzuri.

Dodoma Ndiyo Nyumbani
Mimi nina gari miaka tisa huku, sijawahi kupaka kitu, chini ni vumbi tu. Mnatishana bure.

Bububu Kwetu
Dodoma hakuna bahari kaka. Huku hata bawaba za madirisha zinakufa.

Land Rover 109
Wadogo zangu, mzee wangu alikuwa anapuliza oili chafu kila mwaka kabla ya mvua. Ile Land Rover imetuzika wengi na fremu yake bado ngumu. Oili inapenya penye kutu, haihitaji kukwangua sana, na ikibanduka unarudia kwa hela ndogo.

Spana 14
Shikamoo mzee. Kwa fremu nzito ya zamani sikatai, inafukuza maji. Ila RAV4 haina fremu pembeni, bodi yenyewe ndiyo chesisi, na chini imejaa bushi (mipira ya kwenye maungio ya saspensheni) na buti za mpira, vile vifuniko vya viungo. Oili chafu inalainisha mpira, bushi zinavimba na kuchanika. Ikigusa ekzosti ni moshi na harufu hadi ndani. Ikigusa diski za breki ni hatari. Na inayodondoka inaingia kwenye udongo tunaolima.

Land Rover 109
Marahaba. Hapo kwenye breki na mpira umesema kweli. Sisi tulikuwa tunafunga magurudumu kwa magunia kabla ya kupuliza.

Mtanga wa Leeds
Huku Uingereza barabara zinamwagiwa chumvi kila baridi. Kwenye ukaguzi wa MOT, kutu iliyodhoofisha chuma ndani ya sentimita 30 kutoka mkanda wa kiti au saspensheni ulipofungwa inakufelisha. Kwa hiyo watu wanajali sana. Mimi natumia mafuta ya lanolini, yanatokana na sufu ya kondoo. Hayakauki yakawa ganda, kwa hiyo hayafichi kitu, ila yanaoshwa na maji ya presha na lazima urudie kila mwaka. Ndani ya matundu ya bodi, nta haina mpinzani. Hata fremu nene zinaoza: Marekani, mwaka 2016 Toyota walikubali kulipia fremu za Tacoma, Tundra na Sequoia, makubaliano ya hadi dola bilioni 3.4.

Mama Noah
Sasa hiyo lanolini Tanga inauzwa wapi?

Mtanga wa Leeds
Hapo sina jibu. Mdogo wangu nilimtumia makopo mawili na mgeni.

Spana 14
Tusisahau kuosha. Kuosha vibaya kunaharibu kuliko kutoosha. Presha isielekezwe kwenye beringi, buti za mpira wala soketi za waya. Halafu, hayo maji yenyewe ni ya wapi? Sehemu nyingi za kuoshea magari huku Pwani wanavuta kisima. Onja. Kama yana chumvi, umelipa hela uongezewe chumvi.

Bububu Kwetu
Umenigusa! Pale nilipokuwa naosha, maji ya kisima hayakutoa hata povu la sabuni.

Dodoma Ndiyo Nyumbani
Visima vya huku navyo vina chumvi, birika zima linakuwa jeupe ndani.

Land Rover 109
Kwa hilo chota ya bomba, au kinga ya mvua. Sisi Pangani tulikuwa na mapipa chini ya mabati.

*(Zikafuata kurasa mbili za visima na mapipa.)*

Mkazi wa Raskazone
Wakuu, nimerudi. Leo nimeosha Muheza kwa maji ya bomba, gari ikashinda juani, jioni nikaingia chini na tochi na bisibisi. Kizingiti cha kulia kinatoa mlio mzuri, ting ting. Cha kushoto, karibu na gurudumu la nyuma, kinatoa mlio mzito kama kugonga ubao. Vitundu viwili vilikuwa vimeziba, nimezibua kwa waya, kukatoka matope mekundu na maji kama robo kikombe. Gereji ya lami nimeahirisha. Fundi wa nta anasema atakwangua, atapaka dawa ya kugeuza kutu, ataacha siku nzima ndipo apulize, ila hataki kufungua plastiki za pembeni.

Spana 14
Asipofungua hizo plastiki anapuliza nini? Mwambie afungue, ukiwepo.

Mama Noah
Jamani na mimi kesho nagonga yangu. Bisibisi bapa au ya nyota?

Spana 14
Tumia mpini wake dada, usitoboe. Mkuu wa Raskazone, weka picha ya kile kizingiti cha kushoto.