Tupeane uzoefu: Kufufua tawi la fratenati Marekani na ukomavu unaopatikana humo

Mzee wa Katiba
Wakuu, humu wamo waliosoma Marekani na kushika vyeo kwenye fratenati, yaani vyama vya udugu vya wanafunzi wa kiume vyuoni. Hadithi za "enzi zetu" tuziache, tuleteane mbinu. Naanza.

Kabla ya kusaka mwanachama hata mmoja, tafuteni barua iliyolifunga tawi. Nakala huwa makao makuu ya fratenati au ofisi ya chuo inayosimamia vyama vya wanafunzi. Kama kosa lilikuwa kuwatesa wapya, chuo mara nyingi husubiri kizazi kile kihitimu, miaka minne hivi, ili tabia isirithiwe. Halafu hitajini ruhusa mbili za maandishi, ya makao makuu na ya chuo. Moja peke yake haiwafikishi popote.

Hazina Kavu
Mkuu umeruka kodi. Tawi lenye mapato yasiyozidi dola 50,000 kwa mwaka kwa kawaida hujaza Fomu 990-N mtandaoni, kazi ya dakika chache. Isipojazwa miaka 3 mfululizo, msamaha wa kodi hufutika wenyewe, na tawi lililolala huanguka hapohapo. Angalieni orodha ya IRS, mamlaka ya kodi ya Marekani, ya waliofutiwa kabla hamjafungua akaunti. Msimamizi akibadilika, Fomu 8822-B ya kuwajulisha IRS ipelekwe ndani ya siku 60.

Bajeti sasa. Wanachama 20 kwa ada ya dola 300 ni 6,000 kwenye karatasi. Pangeni matumizi kwa 4,800, maana wa kuchelewa hawakosekani. Bima na ada ya makao makuu zitoke kwanza, fulana baadaye. Mtego mkubwa ni orodha ya majina: bima ikitozwa kwa kichwa, na waliohama chuo hawajafutwa, mnalipia watu ambao hawapo. Isafisheni kabla ankara ya muhula haijatoka.

Kudai ndiko kunakomkomaza mtu. Usiandike "jamani tulipeni ada" kwenye grupu. Hakuna atakayejiona anasemwa. Mtumie mhusika mwenyewe: "Kaka, umelipa 100, imebaki 200. Mia tarehe 5, mia tarehe 20, sawa? Nijibu leo." Ukiweza kumwandikia hivyo unayekaa naye chumba kimoja, bila ugomvi wala kuona haya, utaweza kumdai mteja yeyote.

Dada wa Howard Road
Kaka zangu, msichanganye mambo. Kwa mashirika tisa ya Weusi yaliyo chini ya NPHC, baraza lao lililoundwa Chuo Kikuu cha Howard mwaka 1930, huweki meza uwanjani ukaandikisha watu. Upokeaji wa wanachama wapya unahitaji kibali cha makao makuu na washauri waliopitia mafunzo. Anzeni na tawi la wahitimu lililo karibu. Mshauri hutoka huko.

Mtu wa Usajili
Kwa fratenati nyingine: kila mwanachama alete majina 10, akutane nao mmoja mmoja kwa chai kabla ya hafla yoyote. Hafla huleta wapenda hafla. Alama zao za masomo zithibitishwe na chuo, na mwanafunzi asaini ridhaa kwanza kwa sababu ya FERPA, sheria ya faragha ya rekodi za wanafunzi. Angalau nusu wawe mwaka wa kwanza na wa pili. Tawi la wanafunzi wa mwaka wa mwisho watupu linazikwa Mei, siku ya mahafali.

Hazina Kavu
Na yule mhitimu anayerudi kusema "sisi tulipigwa na tukawa wanaume"? Huyo ndiye mtihani wa rais wa tawi.

Mzee wa Katiba
Mpe kazi yenye mipaka: kukagua CV za vijana, au kuchangisha. Usiku wa wapya asikaribie. Sheria iliyosainiwa Desemba 2024 inavitaka vyuo kutangaza hadharani vyama vilivyokutwa na hatia ya mateso, kwa hiyo jina la tawi litasomwa na mzazi yeyote.

Mgeni Njiani
Makabidhiano je?

Mtu wa Usajili
Wiki nne kabla ya muhula kuisha, wa zamani na mpya wafanye kazi pamoja. Imeili ya tawi iwe ya cheo, siyo ya mtu, na namba ya uthibitisho isiingie kwenye simu ya anayehitimu. Benki nendeni wote wawili, na muhtasari wa kikao uliosainiwa mkononi.